Karanga, Ndimu na Jua la Kisumu: Niliyojifunza Kuhusu Vidonda vya Homa Mdomoni

Mtu anayetokwa na malengelenge mdomoni mara kwa mara hupewa ushauri mwingi kuliko dawa, na sehemu kubwa ya ushauri huo huhusu chakula. Mimi niliambiwa niache karanga, kisha nikaambiwa niache chokoleti, kahawa, nanasi, ndimu na pilipili, na kila aliyeniambia alikuwa na ndugu au jirani aliyepona kwa kuacha kimojawapo. Ninafundisha katika shule ya upili iliyo nje kidogo ya mji wa Kisumu, kazi inayomweka mtu mbele ya macho ya vijana kutwa nzima, kwa hiyo nilikuwa tayari kuacha karibu kila kitu ili mdomo wangu utulie. Ninaandika kwa ajili ya wale walio pale nilipokuwa, hasa wanaopunguza chakula sahanini kwa hofu bila kujua ni kipi kinachostahili kuogopwa.

Kwangu mambo huanza vilevile kila mara. Sehemu moja ya ukingo wa mdomo wa juu, upande wa kushoto, huanza kuwasha na kuchomachoma kana kwamba imeguswa na upupu, ingawa ukitazama kwenye kioo huoni kitu. Kufikia siku inayofuata ngozi huwa imevimba na kutoa malengelenge madogo yaliyobanana, ambayo hupasuka, hutoa majimaji, kisha hukauka na kufanya kigaga cha manjano. Kigaga hicho ndicho adhabu kubwa kwa mwalimu, kwa sababu hupasuka na kutoa damu kila unapofungua kinywa kusoma kifungu kwa sauti. Tangu kuwasha hadi kupona kabisa huchukua kati ya wiki moja na wiki mbili.

Mara ya kwanza ninayoikumbuka ilikuja pamoja na malaria, na kwa watu wa kanda ya ziwa hilo halishangazi. Homa kali ya aina yoyote inaweza kuyaamsha malengelenge haya, na kwetu homa iliyozoeleka zaidi ni malaria. Nyumbani kwetu Busia wazee walifurahi yalipotokea, wakisema homa imepata njia ya kutokea na mgonjwa sasa atapona. Imani hiyo ilikuwa na upande wake wa hatari, kwa maana kidonda mdomoni kilitosha kumfanya mtu anunue dawa za malaria bila kupimwa damu. Daktari wa kituo cha afya ndiye aliyenifafanulia kwamba kidonda hakithibitishi malaria hata kidogo, na kwamba mtu mwenye homa apimwe damu, awe na kidonda au asiwe nacho.

Alinieleza pia chanzo chenyewe. Vidonda hivi huletwa na virusi vya herpesi aina ya kwanza, ambavyo wengi wetu huvipata utotoni kwa mate ya mtu mwingine, pengine kwa busu la shangazi au kwa kijiko kilichotumiwa na watu wawili. Vikishaingia mwilini havitoki tena. Hujificha katika fundo la mishipa ya fahamu ya uso, ndani ya fuvu karibu na sikio, na vikipata nafasi husafiri kwenye mshipa hadi kwenye ngozi ya mdomo. Ndiyo maana kidonda hupenda kurudi pale pale. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50, yaani asilimia 64 ya watu wa umri huo, wana virusi hivi, na wengi wao hawatokwi na kidonda chochote.

Takwimu hizo zilinisaidia kubeba aibu, ambayo sitaificha. Neno herpesi hapa kwetu humfanya msikilizaji afikirie magonjwa ya zinaa moja kwa moja, na mhudumu wa duka moja la dawa alilitamka kwa sauti mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni, wakiwemo wazazi wa wanafunzi wangu. Nilitoka bila kununua nilichokuwa nimefuata. Ukweli ni kwamba herpesi ya sehemu za siri kwa kawaida huletwa na virusi vya aina ya pili, ingawa hata vile vya mdomoni vinaweza kuhamia huko kwa kugusana wakati wa ngono ya mdomo, jambo ambalo wenzi wanapaswa kulijua na kulizungumza. Kidonda cha mdomoni peke yake hakisemi lolote kuhusu mwenendo wa mtu.

Katika duka jingine nilipata ushauri wa upole zaidi, na hapo ndipo habari ya chakula ilipoanza kuchukua sura ya kisayansi. "Mwalimu, punguza karanga na chokoleti, kisha utumie hivi vidonge vya laisini," mhudumu aliniambia, akanionyesha kichupa kilichotoka nje ya nchi. Bei yake ilizidi shilingi elfu mbili, na kilitakiwa kununuliwa upya kila mwezi. Maelezo yake yalikuwa ya kuvutia. Laisini na arjinini ni asidi amino, yaani vijenzi vya protini tunavyovipata katika chakula. Tangu miaka ya 1960 watafiti wameona maabarani kwamba virusi vya herpesi vinahitaji arjinini ili vizaliane, na kwamba laisini ikiongezwa, kazi hiyo huzorota. Kutokana na hayo watu walihitimisha kwamba vyakula vyenye arjinini nyingi kuliko laisini, kama vile karanga, korosho, lozi, ufuta na chokoleti, huamsha vidonda, ilhali maziwa, samaki, nyama na mayai, ambavyo vina laisini ya kutosha, huvizuia.

Kuacha karanga ni jambo rahisi kwa mtu wa mahali ambapo karanga ni kitafunio tu. Kwetu zimo kila mahali. Zinauzwa zikiwa zimekaangwa, zimefungwa kwenye karatasi iliyokunjwa kwa ncha, kuanzia kituo cha matatu hadi lango la shule. Husagwa zikawa rojo linalopikiwa mboga za kienyeji, na watoto huziweka kwenye uji. Ufuta nao huviringishwa na sukari na kuuzwa kama peremende. Nilipoacha vyote hivyo, nililazimika kukataa mboga kwenye nyumba za watu, kueleza ugonjwa wangu kwa wenyeji ambao hawakuuliza, na kutafuta kitu kingine cha kutia tumboni saa kumi jioni kisicho ghali. Nilibeba mzigo huo kwa muhula mzima pamoja na gharama ya vidonge, na vidonda vilikuja kama kawaida.

Kilichonifungua macho ni daftari. Mwalimu mwenzangu wa Biolojia alinishauri nisiandike chakula peke yake, bali niandike pia saa nilizolala, kama nilikuwa na mafua au homa, kama nilikaa juani, kama nilikuwa karibu na hedhi, na lililonisumbua moyoni wiki hiyo. Niliporudi nyuma kusoma kurasa hizo, niliona kwamba karanga zilionekana mara nyingi kabla ya kidonda, kweli, lakini zilionekana katika usiku wa aina moja. Ulikuwa usiku wa kusahihisha mitihani ya majaribio ya kidato cha nne, nilipokuwa nakesha na rundo la karatasi, kahawa ya pili mkononi na karatasi ya karanga mezani ili usingizi usinishinde. Chokoleti nayo ilikuwa ya usiku huohuo. Vitu vinne vilikuwa vimefuatana, yaani kukesha, wasiwasi wa kumaliza kazi, kahawa na karanga, na sisi tukakitia hatiani kile kinachoonekana mkononi.

Likizo ya Agosti ilinipa nafasi ya kulipima wazo hilo. Huo ndio wakati ambapo karanga zilizopandwa kwenye mvua ndefu huwa zimeshang'olewa na kuanikwa uani, na nyumbani kwa mama huchemshwa na maganda yake katika sufuria kubwa, zikaliwa asubuhi, mchana na jioni. Nilipomwambia kwamba nimeziacha kwa ajili ya mdomo, alinitazama kwa mshangao. "Mwanangu, karanga hizi ndizo nilizokulea nazo," alisema. "Kama zingekuwa sumu, ungefika hapo ulipofika?" Nilikula pamoja naye likizo nzima, huku nikilala mapema na kuamka bila haraka, na mdomo wangu haukuwasha hata siku moja.

Uzoefu wa mtu mmoja si ushahidi, kwa hiyo nilitafuta kujua wataalamu wamepata nini. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa mwaka 2015 na Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, kuhusu kuzuia vidonda hivi hayakupata ushahidi kwamba vidonge vya laisini huvizuia. Tena kuna jambo la msingi ambalo mhudumu wa dawa hakunieleza, nalo ni kwamba mwili wa binadamu hujitengenezea arjinini wenyewe, hivyo huwezi kuvinyima virusi chakula chao kwa kuacha karanga. Kuhusu laisini, ni kweli kwamba mahindi yana upungufu wake, na mtu anayekula ugali na mboga peke yake kwa muda mrefu hupata kidogo. Lakini upungufu huo huzibwa na samaki kama omena na ngege, maharagwe au glasi ya maziwa ya mala, vyakula ambavyo sokoni Kibuye havikugharimu hata sehemu ndogo ya bei ya kile kichupa. Nilikiacha kilipoisha, nami sijawahi kukinunua tena.

Simaanishi kwamba chakula hakihusiki hata kidogo. Kinahusika, ila kwa njia nyingine, na kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kinachoamsha kidonda na kuna kinachokiuma kidonda kilichokwisha kuamka. Ndimu, nanasi, nyanya mbichi, chumvi na pilipili mara nyingi huangukia kundi la pili. Kwa wiki nyingi nililaumu uji wa wimbi unaotiwa ndimu, tunaokunywa sana Kisumu, kwa sababu niliuhisi ukinichoma mdomo na siku iliyofuata malengelenge yakaonekana. Daftari lilipokuwa kamili zaidi, niligundua kwamba mwasho ulikuwa umeanza kabla ya uji, na ndimu ilikuwa imegusa tu ngozi iliyokwisha kuathirika. Nanasi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho huvunja protini, ndiyo maana huuchonyota hata mdomo usio na kidonda. Kachumbari yenye pilipili sihitaji kuieleza. Vyote hivyo ninavila ninapokuwa mzima na kuviweka kando kwa siku chache kidonda kinapotoka, na si zaidi ya hapo. Wale wanaopaka ndimu na chumvi juu ya kidonda wakiamini wanakikausha, ninawasihi waache, kwa kuwa huongeza mchubuko na kuchelewesha kupona.

Kundi la kwanza, la vinavyoamsha, lina vyakula vichache, na vinafanya hivyo kwa kuijeruhi ngozi. Jeraha dogo kwenye ukingo wa mdomo linaweza kuviita virusi mahali pale. Miwa ndiyo mfano ninaouogopa zaidi. Ukanda wetu ni wa miwa, kuanzia Kibos hadi Chemelil na Muhoroni, na tangu utoto tumeumenya kwa meno, ganda gumu likikwaruza midomo huku na huku. Mara mbili mfululizo nilipotafuna muwa kwa namna hiyo, kidonda kilifuata palepale palipokwaruzwa. Siku hizi namwomba muuzaji aumenye kwa kisu na kuukata vipande vidogo ambavyo hupita moja kwa moja hadi kwenye magego. Hatari nyingine ni chai ya saa nne pale shuleni, inayomiminwa ikichemka kwenye vikombe vya bati. Bati hushika moto wa chai upesi, na ukingo wake huunguza mdomo wa juu kabla ulimi haujaonja. Nilinunua kikombe cha udongo, nikakiandika jina langu, na kwa namna hiyo nikajiepusha na kuungua na vilevile nikawaepusha wenzangu kunywea kikombe nilichotumia nikiwa na kidonda.

Hapo ninalazimika kutaja busaa, pombe yetu ya kienyeji, hata kama baadhi ya wajomba zangu watakunja uso. Katika sherehe nyingi za magharibi ya Kenya wazee huketi kuzunguka chungu kimoja na kunywa kwa mirija mirefu, na mrija hupokezanwa kutoka mdomo hadi mdomo. Mwenye kidonda kibichi asipokee mrija wa mwenzake wala asitoe wake, hata kama heshima ya kikao inadai. Kuhusu pombe yenyewe, ninachokiona kwa ndugu zangu ni kwamba usiku wa pombe huwa pia usiku wa kukosa usingizi, midomo ikikauka na kupasuka, na hali hizo zinatosha kuleta shida bila kuilaumu busaa peke yake.

Kisababishi ambacho hakuna aliyenitajia mapema ni jua. Mstari wa ikweta unapita Maseno, mwendo mfupi kutoka Kisumu, na miale ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, katika ukanda huu ni mikali mwaka mzima, hata siku yenye mawingu mepesi. Katika muhula wa kwanza, wakati wa mashindano ya riadha ya shule, nilikuwa nikisimama uwanjani tangu asubuhi hadi jioni kuandika matokeo, na siku chache baadaye mdomo ulianza kuwasha. Nilikuwa nikiilaumu soda na mandazi ya uwanjani. Katika majaribio yaliyotumia taa za miale hiyo, mafuta ya kukinga jua yaliyopakwa mdomoni yalizuia vidonda vizuri, ingawa matokeo ya juani kwenyewe hayakuwa dhahiri kiasi hicho. Mimi ninatumia vitu viwili: kofia yenye ukingo mpana na mafuta ya midomo yenye kinga ya jua ya kiwango cha 30, ambayo hupakwa upya kila baada ya saa mbili. Fedha nilizokuwa nikizitumia kwa laisini ya mwezi mmoja hununua mafuta hayo ya miezi kadhaa.

Kabla hujaacha chakula chochote, hakikisha pia kwamba ugonjwa ulio nao ni huu. Mwenzangu mmoja aliapa kwamba nanasi humletea vidonda kama vyangu, lakini vyake vilikuwa ndani ya shavu na chini ya ulimi, vyeupe katikati na vyekundu pembeni, bila malengelenge yoyote mwanzoni. Hivyo ni vidonda vya aina nyingine kabisa, haviambukizi, wala havitokani na herpesi, na kwa baadhi ya watu matunda makali huvichochea kweli. Vikirudi mara nyingi huenda mtu akawa na upungufu wa madini ya chuma, foleti au vitamini B12, na kipimo cha damu ndicho kinachoonyesha. Nyufa kwenye pembe za mdomo nazo zina sababu zake. Ukitumia ushauri wa ugonjwa mmoja kwa mwingine utateseka bure.

Siku hizi mwasho unapoanza, sisubiri malengelenge. Ninapaka kirimu ya asikloviri, dawa ya kupambana na virusi hivi, saa hiyohiyo, mara tano kwa siku, nikitumia kijiti cha pamba na kunawa mikono baadaye, kwa kuwa dawa hii husaidia zaidi ikianza mapema na faida yake hupungua kidonda kikishakomaa. Kwa watu wanaopata vidonda mara nyingi mno, daktari anaweza kuandika vidonge vya dawa ya aina hiyo. Ninatenga taulo na kikombe, na sibusu mtu yeyote hadi ngozi ipone kabisa. Dada yangu alipojifungua, nilikuwa na kigaga mdomoni, na ingawa ndugu waliona ninaringa, nilikataa kumpokea mtoto hadi nilipopona, kwa maana virusi hivi vinaweza kumuua mtoto mchanga. Jicho likianza kuuma, kuwa jekundu au kuogopa mwanga wakati una kidonda, nenda hospitalini siku hiyohiyo. Na kidonda kisichopona baada ya wiki mbili, au kinachoenea, kinahitaji kuonwa na daktari, ambaye huenda akakushauri upime virusi vya UKIMWI. Mimi nilishauriwa hivyo, nikapima, majibu yakawa hasi, na nilifurahi kwamba sikukwepa.

Kama bado unakishuku chakula fulani, kichunguze kwa haki. Acha hicho kimoja tu, usiache vitano kwa pamoja, na ukiache kwa muda unaozidi ule unaopita kwa kawaida kati ya kidonda na kidonda. Kisha kirudishe katika wiki ambazo umelala vizuri, huna homa na hukukaa juani, ukiandika yote. Kidonda kikirudi kila unapokila katika hali hiyo, basi kiache, kwa kuwa miili haifanani. Lakini mtoto usimwondolee karanga kwa sababu ya lengelenge moja lililotokea alipokuwa na homa. Karibu nasi kuna mama aliyefanya hivyo kwa mwanawe wa chekechea, akimpa uji mtupu wa mahindi badala ya ule wa karanga, na mtoto alikuwa ameanza kupungua uzito kliniki ilipomwagiza amrudishie karanga, amwongezee na omena.